Sinia Moja

Jumatano, Isaka

Miguu imevimba, lakini si miguu inayoniliza.

Mama Masanja, mwenyeji wetu wa leo, alisikia redioni kwamba tunatembea hadi Geita kuchangia utafiti wa ugonjwa wa kujinyima chakula. Akatusongea ugali, akatupikia na mlenda, akatukalisha wote kwenye sinia moja.

"Kuleni, msiniaibishe."

Sikumega hata tonge. Nilikuwa natazama mikono tu. Marehemu binti yangu Kabula alikuwa akikaa hivi hivi katikati ya wadogo zake, anamega tonge, analifinyanga, analichovya, kisha anamlisha mdogo wake. Sinia likiisha, utamjuaje ambaye hakula?

Leo binti mmoja tunayetembea naye alilifinyanga tonge mpaka nikaishiwa subira. Nikamshika mkono mbele ya watu.

"Kula, mwanangu!"

Akashtuka. "Bado la moto, mama."

Wote wakacheka. Akalipuliza, akalila. Mimi nilichelewa kumwachia.

Mkono wake ulikuwa na joto. Wa Kabula ulikuwa baridi hata jua la mchana likiwaka, nami nikawa namfunika blanketi nikidhani ni malaria.