Uliniona Kule Chini

Kaka,

Salamu zako zimefika. Mama hajambo, ni goti tu linamsumbua akipanda ngazi. Mwanangu ameng'oka jino la mbele na anamchekea kila mtu. Nisiyecheka ni mimi.

Mama kaniambia ulivyomweleza kwenye simu: eti nilipiga mbizi na sikio bovu bila kukwambia, mbishi kama kawaida yangu. Kaka, usinichezee. Asubuhi ile kwenye boti nilikwambia sikio la kushoto linauma. Ukasema, "Mafua tu hayo, tukishuka litazibuka." Tukashuka na wateja wako. Maumivu yalipozidi nilikugeukia, nikaonyesha sikio kwa kidole, kisha nikayumbisha kiganja. Ishara hiyo ya kuwa kuna tatizo ulinifundisha wewe, pale sebuleni kwetu, kabla sijajua hata kubeba mtungi wa hewa. Na uliniona. Ulinitazama usoni kabisa, halafu ukanielekezea dole gumba chini, tuzidi kushuka, kisa wateja wanataka kuiona ile meli iliyozama.

Kitu kikapasuka ndani ya sikio, maji ya baridi yakaingia, nikawa sijui juu ni wapi. Daktari anasema sikio hilo halitasikia tena.

Hao wateja, meli waliipenda?

Usinitumie pole kupitia kwa mama. Ukitaka kujitetea nipigie mwenyewe, uongee mpaka uchoke. Simu nitaiweka sikio la kushoto.

Mdogo wako