Barua Iliyosomwa Mbele ya Makuli

Lozells, Birmingham
9 Machi 1974

Ndugu Konrad,

Huu ni mwaka wa kumi tangu niondoke Unguja. Goti lako limepoa? Mkeo Hanne hajambo? Mimi mzima, ila kikohozi cha kiwandani hakinitoki.

Hongera kwa kuingia bunge la jimbo lenu. Mchomeleaji wa meli, aliyekuja kutufundisha sisi makuli kudai haki zetu akarudi na Kiswahili, leo anawasumbua mawaziri!

Umesema mwezi ujao utafika Unguja na ujumbe wa chama chenu. Nina ombi. Dada yangu Mize yuko mtaa wa Malindi, nyumba ile ile uliyokula pilau ukaomba na ukoko. Muulize taratibu: nikirudi, nitakuwa salama? Hapa ni tanuri na chumba kimoja, chumba na tanuri. Balwinder, mwenzangu wa zamu, hunicheka: "Mzee, hii jela yako, mbona nauli ya basi unalipa mwenyewe?"

Nduguyo,
Idarous

Bremen
2 Mei 1974

Ndugu Idarous,

Goti bado, lakini nimerudi salama, na nimefanya zaidi ya ulivyoomba. Kwenye mkutano wa makuli bandarini, ilipofika zamu ya barua zilizoingia, nilisimama nikaisoma yako yote. Ulipokuwa katibu wa chama cha makuli ulinifundisha mwenyewe, mwaka 1959: barua ya ndugu haikai mfukoni, husomwa mbele ya wote. Nilimtaja na Mize, ili wamsaidie.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja aliomba nakala, nikampa. Kesho yake nilikwenda Malindi nikabisha hodi sana. Nilisikia redio ikizimwa ndani. Nimekosea wapi?

Nduguyo,
Konrad

Lozells, Birmingham
17 Novemba 1974

Ndugu Konrad,

Salamu nyingi kwako na kwa Hanne. Nimekawia kwa kuwa nilikuwa nangoja habari. Sikuzani, jirani yetu wa zamani, amepita hapa akitoka Unguja. Mize ameitwa polisi mara tatu kuulizwa juu yangu. Barua zangu zote amezichoma. Amesema, "Mwambie kaka asiniandikie tena."

Sikulaumu. Kanuni ile niliitunga mimi, ili tajiri asimnunue katibu yeyote kwa bahasha ya siri. Sikufikiria siku ambayo wasikilizaji wenyewe wangeogopa kusikia.

Tafadhali usiulize bungeni, usimwandikie mtu. Hii isome peke yako.

Sitarudi Unguja.

Nduguyo,
Idarous