Nilipunguza Kompyuta Kama Mbuzi wa Kiangazi

Mpendwa mshauri, mimi si mtu wa kuomba msaada, hapa Ikutha ni watu wanakuja kuniomba mimi, lakini leo naomba, na barua hii nimeiandika kwa mkono wangu kutwa nzima, mimi niliyeacha shule darasa la tatu kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa na vitu vya kunifundisha.

Mimi ndiye mshika funguo wa kituo cha kompyuta hapa sokoni. Mezani kuna skrini na kibodi tu, kompyuta zenyewe thelathini zinaishi ndani ya mashine moja kubwa chumba cha nyuma, kila mwanafunzi na yake, na anayezitunza ni mwalimu wetu Wayua, naye habofyi picha, anaandika amri kwa maneno kwenye skrini nyeusi, mstari mmoja tu, kompyuta ishirini zinaamka. Nilimtazama mwezi mzima nikasema hii ni kuchunga tu, na mimi nimechunga miaka sitini.

Basi Alhamisi iliyopita akaitwa Makindu siku mbili, akaniachia pasiwadi na kipande cha katoni ameandika amri mbili, ya kuziorodhesha na ya kuamsha iliyokwama, akaniambia, "Mzee, hizi mbili tu. Ile ya kufuta usiiguse." Nikamwambia nenda, hata ukikaa mwaka. Ile ya kufuta nilikuwa nimeshaikariri kwa macho, herufi kwa herufi, kama alama za moto kwenye ng'ombe.

Ijumaa mashine ikaanza kujikokota. Nikaorodhesha, nikaona sita zimeandikwa off, yaani zimezimwa, na wewe unajua kiangazi cha kwetu, malisho yakipungua hungoji, unapunguza mifugo, unaanza na yule hasimami. Nikazifuta moja moja kwa kidole kimoja, na kila mara mashine ikaniuliza kama nina hakika, na kwangu hakuna mtu huniuliza kama nina hakika, hata mke wangu Kavindu aliacha mwaka wa kwanza, nikajibu yes mara sita. Zilizobaki zikakimbia kama swala, ama ni wanafunzi walikuwa wameenda chai, sijui.

Kumbe wenye tano kati ya hizo walikuwa wameenda kongamano la kanisa Mwingi. Jumatatu Mbinya, binti ya jirani yangu anayesomea kuchora ramani za nyumba, akakuta hana kompyuta, na ramani zake za mtihani, kazi ya miezi minane, zimeenda nayo. Aliketi tu, mikono juu ya kibodi, bila kubonyeza. Na ya sita, mshauri, ilikuwa yangu, pale Wayua ananiandikia historia ya maisha yangu, kurasa arobaini, tulikuwa tumefika niliposhinda chui. Ilikuwa off kwa sababu sijui kuiwasha.

Nikasema stima ilipotea ikarudi kwa nguvu. Wakaamini, mimi ni mzee wa kanisa. Sasa Wayua amekatazwa kugusa mashine, Ijumaa hii kamati inakaa kumfukuza kwa kuiacha bila mtu anayejua, na Jumamosi fundi ataisafisha yote aanze upya. Leo asubuhi Wayua amekuja akaniita Nau, yaani baba kwa Kikamba, akasema, "Nau, nisamehe, nilikuachia mzigo usio wako." Nikisema, hapa Ikutha nitakuwa nani?

Nthiwa, mshika funguo

*

Mzee Nthiwa, pole. Nilicheka mpaka nilipofika pale Wayua anakuomba msamaha, hapo nikaiweka barua chini. Tena sikungoja siku ya barua yako kusomwa, leo Jumatano nakujibu hapa redioni.

Kuchunga unajua, sikatai. Lakini mbuzi sita wakipotea, na ni wewe peke yako unajua walipita wapi, kisha unawaelekeza watafutaji upande mwingine, wewe ni mchungaji ama ni fisi?

Nimemsomea barua yako binti mmoja anayefanya kazi kama ya Wayua. Hakuuliza kama umetubu, aliuliza ilikuwa siku gani. Anasema kompyuta ya aina hiyo ikifutwa, mara nyingine diski yake huwekwa kando siku kadhaa kabla ya kupotea kabisa, inategemea ilivyopangwa. Basi huenda ramani za Mbinya ziko humo humo, na hakuna anayezitafuta kwa sababu wewe ulisema stima. Fundi akisafisha Jumamosi, hazitakuwa zimeuawa na kidole chako. Ni mdomo.

Unauliza utakuwa nani. Utakuwa mzee aliyekosea. Wako wengi, na chai wanapewa.

Usipitie kwa pasta kwanza. Zima redio, chukua ile katoni, nenda kwa Wayua sasa. Mwambie siku, saa, na amri uliyoandika. Kisha mwende nyote wawili kwa fundi, mumwambie asiguse kitu. Ijumaa simama mbele ya kamati kabla yeye hajaitwa. Kwamba alimpa pasiwadi mtu asiyesoma swali mpaka mwisho, hilo ni kosa lake na atalisema mwenyewe, wewe usimsaidie. Zikipatikana, ya Mbinya ifunguliwe kwanza. Chui wako amengoja miaka hiyo yote, atangoja tena.

Ukimwambia Wayua ni wewe, hataamini. Atakuuliza kama una hakika. Swali hilo unalijua, Mzee. Safari hii lisikilize mpaka mwisho, ndipo ujibu.