Kupiga Chapa Kirusi Chako

Mdogo wangu Kaspari,

Nisamehe. Tangu tulipokuzika masika yamepita mara mbili na sijakuandikia hata mstari mmoja, mimi niliyekuwa nikikukemea kwa kuchelewa kujibu barua za nyumbani. Sina udhuru. Niliona aibu kukuandikia kabla ya kutimiza ulichonituma, na hadi leo sijakitimiza. Barua hii nimeianza mara nne. Nakaa, nasimama, naenda kuangalia kama kuku wameingia kwenye mpunga ulioanikwa uani, narudi.

Siku uliyonipa zile karatasi ulikuwa umelala barazani kwako Lipangalala. Ulisema, "Dada, ipige chapa. Mkono unatetemeka, Nadia hataweza kusoma mwandiko huu." Ilikuwa barua ya Kirusi kwa binti yako, uliyemwacha huko Urusi ulikosomea kilimo, akiwa bado ananyonya. Alikuwa amekuuliza swali moja: huko kwenu nina ndugu? Nilikuambia kwamba Kirusi ulichonifundisha wakati wa ugonjwa wako kinanitosha kusoma herufi na kupanga nomino katika hali zake sita, basi. Ukacheka. "Inatosha, Dada. Wewe hata neno usilolielewa utalisahihisha."

Sasa ofisi ya parokia ina kompyuta. Daktari mmoja mgeni, aliyewahi kusoma Urusi, aliweka humo herufi za Kirusi kabla hajaondoka, kwa mpangilio anaouita wa kifonetiki. Kila herufi yao imewekwa kwenye kitufe cha herufi yetu yenye sauti kama yake. Ukibonyeza r inatoka r yao, ambayo kwa macho ni p yetu. Zile zisizo na mwenza kwetu zimesukumwa pembeni, kwenye vitufe vya mabano na vya alama. Skola, karani wa ofisi, amenipa nafasi kila Jumanne na Alhamisi mchana.

Nilianza kwa kosa la mtoto wa darasa la kwanza. Niliandika kwa macho. Katika mwandiko wako wa Kirusi t inafanana na m yetu, na d inafanana na g. Nikiona m, nabonyeza m. Kwa wiki mbili nilijaza kurasa kwa maneno yasiyomo katika kamusi yako, hata moja. Nikasema umesahau lugha ya watu, nikakukasirikia, nawe huna tena namna ya kujitetea.

Ndipo nikaelewa kwamba mashine ile haitaki sura ya herufi, inataka sauti yake. Ikanibidi kulitamka kila neno kwanza, na ili nilitamke ikanibidi nikukumbuke ukilisoma, polepole, ukiivuta irabu yenye mkazo. Nikawa nasema kwa sauti mle ofisini. Skola akaniambia, "Mwalimu, waliokuja kuandikisha ubatizo wanauliza humu anakemewa pepo nani." Nikamwambia aandike majina yao, si maoni yao.

Neno moja lilinishinda siku tatu. Kwa macho linaanza na w. Nililitafuta katika kamusi kwa w, kwa v, kwa kila namna, halimo. Alhamisi iliyopita nikalitamka silabi kwa silabi. Sha. Nga. Zi. Skola, bila kuinua kichwa kwenye daftari lake, akasema, "Shangazi gani tena, mwalimu?"

Nilitoka nje nikalizunguka kanisa mara mbili katika jua lile.

Mwisho wa barua yako unasema: "Njoo. Ninakungoja. Shangazi atakupokea." Neno lao halitofautishi dada wa baba na dada wa mama, nadhani ndiyo maana ukaliandika letu kwa herufi zao. Kaspari, umenitia katika wakati ujao bila kuniuliza. Nawe ulikumbuka vizuri nilichosema uliporudi, ulipoiweka picha ya yule mtoto mezani mbele ya Baba. Nilisema mtoto wa ndoa isiyofungwa kanisani hana jina katika ukoo wetu. Uliirudisha picha mfukoni. Hukulitaja tena jina lake mbele yangu mpaka siku ya zile karatasi.

Maisha yangu yote ya kazi nimewafundisha watu kwamba kitenzi ni ushahidi, na atakayekosea wakati wa kitenzi amesema uongo hata kama hakukusudia. "Ninakungoja" si kweli tena. Nikiiacha, nitakuwa nimempelekea mwanao uongo kwa mkono wangu. Nikiandika "nilikungoja", inakuwa taarifa ya msiba, na asomaye taarifa ya msiba ya zamani hana sababu ya kusafiri. Inabaki sentensi ya tatu. Hiyo pekee inaweza bado kuwa kweli, na sarufi haiwezi kunisaidia kuifanya iwe kweli. Nikiifuta, barua itakuwa sahihi na haitakuwa na mtu wa kumpokea. Nikiiacha, itanibidi siku moja nisimame kituoni kwenye reli, na uzee huu, nimsubiri mtu mzima niliyemkana akiwa mchanga. Ataniuliza mambo. Sijui nitamjibu nini, kwa Kirusi wala kwa lugha yoyote.

Sasa barua nyingine ya Nadia imekuja, imeandikwa jina lako, nami nimeisoma neno kwa neno kwa kamusi yako. Hajui. Anasema anahama mwisho wa mwaka, na hatatuma anwani mpya kwa asiyejibu. Kwa hiyo siwezi kukaa kimya masika mengine.

Mto ulijaa sana mwaka huu, nusu ya shamba lako la Michenga ilizama. Nyumba yako imesimama. Jana nilikwenda kufagia chumba cha nyuma, ambamo halali mtu. Nilipomaliza nikajiuliza nimekifagia kwa ajili ya nani, nikafunga mlango haraka.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Keshokutwa ni Alhamisi. Nikishaamua nitakuandikia, nami nakuahidi sitachelewa tena. Barua ikiwa fupi, ujue nimeifuta ile sentensi. Ikiwa ndefu, ujue nina mgeni wa kukueleza habari zake.

Dada yako,
Yustina