Mkono Pembeni mwa Tivii

Kinjumbi, Kilwa

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Najua Saidi ndiye anayekusomea, na najua anavyosoma mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mwambie kaka yangu asome taratibu, maana barua hii naiandika kwa mkono mmoja, mwingine una mjukuu wako. Hujambo lakini? Miguu haivimbi tena? Dawa za presha unameza kila siku, au unameza siku kichwa kikiuma tu? Na mikorosho, mmeshamaliza kupalilia? Sisi huku alhamdulillahi. Twaha ananyonya mpaka anatoka jasho, na baba yake akimpakata utadhani amepewa trei ya mayai.

Flashi ya harusi ya Zainabu imefika. Yule dereva wa lori aliileta mpaka mlangoni, ikiwa ndani ya mfuko wa makopa ya muhogo. Makopa tumeshayala, ahsante sana. Unajua nilivyoumia kuikosa harusi ya mdogo wangu, lakini arobaini yangu ilikuwa haijatimia, na Bi Siwema, mama mwenye nyumba wetu, aliniambia mzazi hapandi basi hata kama anayeolewa ni yeye mwenyewe.

Ila nikwambie ukweli, Mama, kilichokuwa kinanikosesha usingizi si harusi. Ni wewe. Tangu ulazwe kule Lindi, nikipiga simu naambiwa, "Mama mzima, yuko shamba." Wewe mwenyewe hupatikani, mtandao wa huko kwetu Rondo tunaujua. Na nani asiyejua kwamba mzazi hapewi habari mbaya, eti maziwa yatakauka? Kwa hiyo kila walivyozidi kuniambia u mzima, ndivyo nilivyozidi kuogopa. Nikaona bora ningoje flashi, niamini macho yangu.

Kompyuta ya baba Twaha kioo chake kilikufa zamani. Inawaka, inanguruma, lakini haionyeshi kitu. Bi Siwema akasema tuilete sebuleni kwake tuiunganishe na tivii kwa waya, na kabla waya haujapatikana alikwishaita majirani. Wanawake wakajaa mkekani na watoto wao, wakaja kutazama harusi ya watu wasiowajua.

Picha ikaja, lakini ilikuwa na ukungu, na watu wamekuwa wakubwa kupita kiasi. Mpiga picha wenu naye aliisimika kamera mahali pamoja pale uani, akaiacha. Nikamwona Zainabu, mashallah. Nikawaona wageni wanaingia wakiimba na vyombo vichwani. Pembeni kabisa kuna mkono unatokea, unapokea beseni, unapotea. Mkono tu. Nikangoja. Nikawaona mama wadogo, nikamwona shangazi anacheza mpaka mtandio umemtoka. Wewe sikukuona. Harusi ya mwanao, na mama wa bibi harusi hayupo!

Bi Siwema akaniuliza polepole, "Mama yako ndiye yupi, mwanangu?"

Nikaanza kulia, Twaha naye akadakia. Jirani mmoja akaanza kunipa pole, Bi Siwema akamkata jicho.

"Ngoja kwanza, mama Twaha," baba Twaha akasema. "Huenda ni kompyuta."

Akaingia mahali pa kupangia ukubwa wa picha, akabadilisha namba, tivii ikawa nyeusi tii. Mama, niliona hata ule mkono nimenyang'anywa. Akaniambia nitulie, ukikaa bila kuijibu, kompyuta hurudisha picha yenyewe, na kweli ikarudi. Akajaribu namba nyingine, sura zikawa safi, ukungu ukaondoka. Lakini wewe bado hukuwepo.

Ndipo nilipoona jambo. Video ilikuwa imefungwa, tunatazama kompyuta yenyewe tu, na ile saa inayokaa kwenye kona ya chini haikuwepo. Kona zote zilikuwa zimeliwa. Nikafuta machozi nikasema, "Harusi haina kosa, na kompyuta haina kosa. Tivii hii inakata kingo!"

Mzee Mtopa, mume wa Bi Siwema, akakohoa kwenye kiti chake. "Mimi ndiye niliyeivuta picha," akasema. "Sinema zilikuwa zinakuja na michirizi myeusi juu na chini. Nimenunua tivii nzima, nitazame nusu?"

"Ukaivuta mpaka ukamtoa mama wa watu kwenye harusi ya mwanawe!" Bi Siwema akamjia juu.

Kuirudisha nayo ikawa kazi. Rimoti imevishwa nailoni mbili, tunabonyeza, tivii haisikii. Betri zikatolewa zikang'atwa, zikarudishwa, wapi. Kumbe Bi Siwema ameweka maua yake ya plastiki mbele ya jicho la tivii. Alipoyaondoa, Mzee Mtopa akapata naye pa kuchekea.

Picha ikarudi ndani, kingo zikaonekana. Na wewe ukawepo, Mama! Ulikuwepo tangu mwanzo, umesimama kando ya mlango kwa miguu yako mwenyewe, kanga umeifunga kiunoni, unapokea vyombo vya watu kama ilivyo desturi, na katikati ya kupokea unamgombeza mtu kwa ajili ya sufuria. Ule mkono ulikuwa wako. Nililia upya, lakini hicho kilikuwa kilio kingine. Wanawake wote wakaiambia tivii, "Shikamoo, mama!" nami nikawaitikia marahaba kwa niaba yako.

Namshukuru Mungu, na nawashukuru watu wa hapa. Bi Siwema amenikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga kama vile alinizaa yeye. Ukipata chochote cha shamba, mkumbuke. Na Mzee Mtopa ameapa hatavuta tena picha ya mtu.

Nisalimie Baba mdogo, na shangazi, mwambie amecheza vizuri ila mtandio aufunge. Zainabu na mumewe wape hongera zangu, Mungu awape masikilizano. Saidi naye ahsante kwa flashi, na kwa kusoma mpaka hapa.

Wewe, Mama, neno langu ni moja. Siku nyingine wakija na kamera, vyombo wapokee wengine. Wewe kaa katikati.

Mwanao,
Somoe, mama Twaha