Kwa Mama Miradie, Aliyepika Chini ya Ngazi

Mwaka umezunguka, Mama Miradie, tangu Jumapili ile ya Machi 2004 ulipoweka kikombe cha chai mezani, ukasema kichwa kinakuuma, na baada ya hapo hukusema neno tena. Leo sisi watu wako wa hapa Lewisham, Uingereza, tunakuita kwa jina lako, Angélique wa Uvira, tukueleze yaliyotokea nyuma yako. Mengine hayapendezi. Lakini wewe hukupenda kufichwa jambo, basi hatutakuficha.

Ulikuwa na mikono isiyotulia. Mgeni akifika na karatasi zake za kuomba hifadhi, hajui basi wala mtaa, alilala kwenye kochi lako mpaka apate pake. Kanisani uliwasuka watoto wa wenzako kabla ya ibada, huku ukiwasikiliza mistari yao ya Biblia. Uliimba vibaya, ulijua kwamba unaimba vibaya, na bado ulisimama mstari wa mbele wa kwaya.

Kazi yako tangu 1997 ilikuwa katika ule mkahawa mdogo wa chakula cha nyumbani cha Kijapani, nyuma ya soko. Juu meza tisa, jiko chini ya ngazi. Mwenye mkahawa, Leonard, ni Mwingereza aliyefundisha shule Japani miaka miwili akarudi na hamu ya vyakula vya kule. Kupika hakujua. Aliyejua ni Mama Fumie, mjane wa Osaka, na ndiye aliyekutoa kwenye sinki la vyombo akakupa mwiko. Alikufundisha supu ya samaki wakavu na mwani, tambi nene, kuku wa kukaangwa na chembe za mkate, na wali wa kari nzito ambao watu walikuwa wakipanga foleni kwa ajili yake. Mwaka uliofuata Mama Fumie alirudi kwao kumuuguza dada yake, jiko likawa lako. Sahani zilipanda kwa lifti ndogo ya ukutani. Wewe hukupanda. Leonard alikuambia kwa upole kabisa kwamba wateja wakimwona mpishi Mwafrika, ladha itawapotea.

Ulituhadithia hayo ukicheka. Ulicheka hata mwandishi wa gazeti alipokuja, mwaka 2001. Leonard alimwita msichana wa Kikorea aliyekuwa akihudumia meza, akamshikisha mwiko wako, wakapiga picha mikono tu. Gazeti likaandika kwamba mpishi ni mama mzee wa Osaka asiyependa kuonekana. Siku hiyo jikoni ulikuwa umechuchumaa nyuma ya magunia ya mchele, maana ulikuwa umeombwa usipige kelele.

Mume wako Déogratias hakucheka, wala hakuuliza. Yeye alikuwa na kinyaa chake. Analea wazee katika nyumba ya wazee, anabadilisha nepi za watu wazima, lakini harufu ya supu ile ya samaki ilimshinda. Ilikaa kwenye nywele zako, kwenye koti, kwenye mto wa kitanda. Ulimwambia ni kama ndagala tu, wale dagaa wa ziwa la kwetu. Akakujibu kwamba ndagala ni chakula, hicho ni kitu cha paka. Kila ulipofika nyumbani, kabla ya habari za kazi, alisema maneno yaleyale.

"Mama Miradie, vua hizo nguo huko ku mlango. Unanuka."

Nawe ukavua, ukasimama kwenye korido ya baridi na gauni la ndani, miaka saba.

Oktoba iliyopita Miradie alitimiza miaka kumi na minane. Baba yake alipomuuliza anataka zawadi gani, alisema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba anataka kwenda kula pale mama alipokuwa akipika. Déogratias alijaribu kumgeuza. Akashindwa. Walikwenda jioni, wakapewa meza ya katikati.

Déogratias aliziba pua tangu mlangoni. Upande wake wa kulia mtu alipasua yai bichi juu ya wali wa moto akalikoroga, ute ukining'inia kwenye vijiti. Kushoto kulikuwa na bakuli la maharage ya soya yaliyovundikwa, yakivutika nyuzi kama kamasi. Déogratias alikaza macho kwenye ukuta, na ukutani ndipo lilipokuwa lile gazeti, kwenye fremu. Aliisoma habari yote, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza.

Kari ikaletwa. Miradie alionja akainama, akawa anakula huku machozi yanaanguka kwenye wali. Baba yake alichukua kijiko kimoja ili asimwache mtoto peke yake. Mama Miradie, aliitambua ladha. Chini ya viungo vyote kulikuwa na mawese. Ndiyo yale mawese aliyokuwa akikununulia Jumamosi, na siku zote alidhani unayatumia nyumbani.

Leonard alikuwa akipita meza hadi meza. Hakuwatambua, angewatambuaje, wakati mazishini hakuja, alituma kadi tu, imeandikwa jina la Angela. Déogratias alimuuliza chakula hiki amepika nani.

"Tuna mama mzee wa Osaka huko chini," Leonard alisema. "Ana siri yake katika hii kari. Hata mimi hajaniambia."

"Siri yenyewe ni mafuta ya mawese," Déogratias akamjibu. "Nilikuwa nikiyanunua miye, hapo sokoni. Aliyekuwa akiyatia ni mke wangu, na mke wangu nimemzika mwezi wa tatu."

Leonard alibadilika rangi. Akainama, akamwekea mkono begani, na Déogratias anasema aliuhisi mkono ule kama konokono anayemtambaa shingoni. Kwa sauti ya chini Leonard akaomba wakaongelee nje, akasema jioni hiyo wale bila kulipa, akaeleza kwamba mambo haya ni hadithi tu ya biashara, kwamba watu hula hadithi kabla ya kula chakula, na kwamba Angela mwenyewe alijua na alikuwa akicheka. Miradie akamwambia kwamba mama yake anaitwa Angélique. Alilisema jina mara mbili, polepole, kama anavyosomewa mtoto.

Mhudumu alikuwa ameshashuka kupeleka habari jikoni. Ndipo akapanda Surinder, yule mama wa Hounslow uliyemfundisha miaka yako miwili ya mwisho. Hatukuwa tunamjua. Alisimama juu ya ngazi, mikono ina unga, akawaambia waliokuwa wakila kwamba katika jiko lile hakuna mtu wa Osaka tangu 1998. Alikuwepo Angélique wa Kongo, akamfundisha yeye, na sasa mpishi ni yeye, Mhindi wa Punjab. Akafungua aproni, akaiweka kwenye kaunta, akaomba koti lake.

Ungependa tukwambie kwamba ukumbi wote ulisimama. Haukusimama. Mwanamke mmoja aliweka vijiti chini. Wawili watatu walicheka, wakidhani ni ugomvi wa wafanyakazi. Wengine waliendelea kula wali wako.

Nje, Déogratias alishika nguzo ya taa akatapika. Surinder alimpa kitambaa, akadhani ni chakula. Si chakula. Chakula kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililomtapisha. Miaka saba hakuwahi kuonja.

Jumapili yake tulikusanyika kwa mdogo wako Bijou. Tulimtukana Leonard mpaka tukachoka: kadi yake, gazeti lake, upole wake. Mwishoni Déogratias akasema.

"Yule Mzungu alimwacha chini ya ngazi. Miye nilimwacha ku mlango, na baridi. Tofauti iko wapi?"

Tulimtazama Bijou, tukitaraji neno la faraja, kwa sababu ndiye mwenye ulimi laini kati yetu.

"Haiko," alisema Bijou. Akamsogezea sahani ya ugali.

Tangu siku hiyo mume wako amekuwa akijichukia kwa namna tusiyojua kuitibu. Ameomba tuandike hapa, mbele ya watu, kwamba anakuomba msamaha. Tumeandika.

Leonard ameliondoa gazeti ukutani, tumesikia, akatundika picha ya mlima. Mkahawa bado unajaa Ijumaa. Surinder amepata kazi katika jiko la shule, na watoto wanarudia sahani. Sisi hatujamsamehe Leonard. Wewe ulikuwa mwepesi wa kusamehe, tunakusihi usituharakishe.

Lipo jambo moja la mwisho. Wakati wa mazishi Déogratias alijaza fomu, na penye kazi ya marehemu aliandika kama ilivyoandikwa kwenye karatasi zako za mshahara: msafishaji. Mwezi wa kwanza alikwenda kwa mchonga mawe. Yule mzee alimwonyesha mistari ya Maandiko ambayo familia hupenda, malaika, mikono iliyofumbatana. Déogratias alitaka jina lako, miaka yako, na neno moja chini yake. Mchonga mawe alimuuliza kama aliandike kwa Kiingereza ili watu waelewe. Akasema hapana, atakayetaka kuelewa atauliza. Akamtajia herufi moja moja, M, P, I, S, H, I, mzee akiziandika kwa penseli ya seremala. Jiwe limesimikwa juzi. Leo baada ya ibada tunakuja wote.

Wanaokukumbuka: mumeo Déogratias, wanao Miradie na Ulrich, mdogo wako Bijou na nyumba yake, kwaya ya akina mama, na Surinder, aliyesema aandikwe pamoja na ndugu.

Siku zote utakuwa kinywani mwetu, Angélique, na hatutakusahau.