Baba, Chuma Kilikuwa Kwenye Koti

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mwanao nimestaafu ualimu wa hisabati, na badala ya kufuga kuku kama wenzangu, najifunza kutengeneza kiini cha mfumo wa kompyuta. Ni ile programu ya chini kabisa inayozigawia programu nyingine zamu na nafasi, kama ulivyozigawia treni reli moja ukiwa mkuu wa stesheni Manyoni. Ungekuwa hai ungecheka, kisha ungevuta kiti uone.

Tuko wawili: mimi na Rehema, binti aliyemaliza kidato cha sita hapa Singida. Tulianza na lugha ya C, miezi mitatu mizima. Kisha tukaweka kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yenyewe, ili tukiharibu tuanze upya bila hasara. Kiini chetu cha kwanza kiliandika herufi moja tu kwenye kioo, nasi tukapeana mikono. Anayeanza asitamani zaidi ya hapo. Baadaye tukakifundisha kuitika kibodi ikibonyezwa, halafu kuendesha kazi mbili kwa zamu. Hapo kikaanza kuganda.

Nikamwambia Rehema kosa liko upande wake. Nilisema kwa sauti ya mwalimu, unaijua. Akakagua mistari yake wiki mbili, kisha akaniambia, "Mwalimu, labda mimi siyawezi haya." Akaacha kuja.

Juzi nikaugundua ugonjwa wa kiini. Kazi mbili zisiguse kitu kimoja kwa pamoja, kwa hiyo inayotangulia huchukua kufuli, yaani ruhusa ya kukigusa, nyingine husubiri. Kazi niliyoiandika mimi ilichukua kufuli, ikaenda kulala nalo, nyingine ikasubiri bila mwisho. Mimi, Baba, si Rehema.

Nikakukumbuka siku ya shamba la ujamaa. Kila mtu alitakiwa kupalilia mtama, hata watu wa reli, na wewe ulitoka mbio mwenyekiti wa kijiji asije akakukosa. Koti ulilitundika kwenye kichaka cha miiba. Tulikuwa mstari wa nne msaidizi wako alipofika kwa baiskeli, anahema.

"Mkuu, dereva anadai chuma. Mashine haitoi."

Kile kipande cha chuma ndicho kilichokuwa ruhusa ya njia. Bila hicho mkononi mwa dereva, treni haikuondoka, maana nyingine ingeweza kuwa inakuja kwenye reli hiyo hiyo. Ulikipokea asubuhi kutoka kwa treni iliyoingia, ukasahau kukirudisha kwenye mashine, nayo haikutoa kingine mpaka hicho kirudi. Uliligusa koti, nikaona uso wako umebadilika.

Nilikufuata mbio mpaka stesheni. Msaidizi alikunong'oneza, "Tuseme mashine imegoma. Nani atajua?" Ulimpita, ukasimama mbele ya abiria waliokaa juani muda wote ule.

"Jamani, mmecheleweshwa na mimi. Chuma kilikuwa kwenye koti langu, shambani."

Mama mmoja mwenye tenga la kuku akasema, "Basi mpe dereva, baba, twende zetu." Ukampa. Kisha ukaingia ofisini, ukaandika kosa lako kwenye daftari la stesheni kwa mwandiko wako mzuri. Nyumbani Mama alifunga vyombo kwenye magazeti akingoja tufukuzwe nyumba ya reli. Ilipokuja barua ya onyo ulitusomea mezani, neno kwa neno, halafu ukaomba chumvi. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyokuheshimu siku ile, na sikukwambia.

Mimi nimefundisha miaka yote bila kumwambia mwanafunzi kwamba nimekosea. Niliona aibu, nakiri. Ningeweza kurekebisha mstari ule kimyakimya, nimwite Rehema, nimwambie kiini kimepona. Nani angejua?

Jana nilipanda bodaboda mpaka kwao. Alikuwa anaanika alizeti uani na mama yake. Nikasema mbele ya wote wawili, "Kosa lilikuwa langu. Nilikusingizia." Mama yake akatazama chini. Rehema akaendelea kutandaza alizeti kwa kiganja.

"Lilikuwa kwenye mstari gani?" akauliza.

Nikamwambia.

"Huo niliuona wiki ya kwanza, Mwalimu. Niliogopa kukwambia."

Pumzika, Baba. Mimi bado nina mengi ya kujifunza, na kompyuta ndiyo sehemu nyepesi.

Ni mimi,
Binti yako wa kwanza